Sungura wa Dürer: Je, Ana Huzuni?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika darasa ninalofundisha sanaa tumetundika nakala ya mchoro wa sungura uliochorwa na Mjerumani Albrecht Dürer. Wanafunzi wangu wanashikilia kwamba sungura huyo ni ishara ya ujanja, kama alivyo katika ngano zetu. Mimi kila nikimtazama naona mnyama mwenye huzuni. Mchoro unaofanana na mnyama halisi kiasi hicho husomwaje?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Ndugu Mwalimu, nakushukuru kwa swali lako, kwa sababu mchoro huu naupenda sana na nimeutazama kwa miaka mingi. Dürer aliuchora mwaka 1502 kwa rangi za maji na rangi nzito juu ya karatasi yenye urefu wa sentimita 25 hivi na upana wa sentimita 23 hivi, na leo umehifadhiwa katika jumba la Albertina mjini Vienna.

Kabla ya kuuliza sungura huyu anamaanisha nini, tuanze na kile ambacho brashi imefanya. Mchoraji alitandaza kwanza rangi ya kahawia iliyo nyepesi, kisha akachora juu yake unywele mmoja mmoja, mweusi kwa mweupe, akifuata jinsi manyoya yanavyolala kifuani, yanavyogeuka begani na yanavyosimama mgongoni. Mwanga unatoka kushoto na kivuli kinaangukia kulia. Hakuna nyasi, hakuna ukuta, hakuna chochote nyuma yake, na nadhani utupu huo ndio unaokuletea huzuni, kwa kuwa kiumbe aliyewekwa peke yake kwenye karatasi tupu huonekana mpweke hata kama mwenyewe ametulia.

Sasa tazama mwili wake. Sungura wa porini aliyeshikwa na hofu hujibanza chini na kulaza masikio mgongoni, lakini huyu ameyasimamisha. Miguu ameikunja, ila kichwa kiko macho. Kwa maoni yangu hiyo ni tahadhari, wala si huzuni, na tunapaswa kujihadhari tusimsomee mnyama uso wa binadamu.

Katika jicho lake kuna alama ndogo ya mwanga yenye umbo la dirisha. Wapo wanaoiona kuwa ishara ya kiumbe wa mashambani aliyefungiwa chumbani, na ni fikra inayogusa moyo. Hata hivyo, Dürer huyohuyo alichora dirisha katika macho ya msomi Philipp Melanchthon mwaka 1526, ingawa nyuma ya msomi huyo kuna anga tupu. Kwa hiyo huenda dirisha lilikuwa njia yake ya kulipatia jicho uhai, nami nisingejenga tafsiri nzima juu yake.

Kuhusu ujanja, wanafunzi wako wamesoma vyema ngano zao, lakini Sungura wetu hakuwahi kufika Nuremberg, mji wa Dürer huko Ujerumani. Ulaya ya wakati ule ilimhusisha sungura na uzazi na tamaa za mwili, na Dürer alilijua hilo. Katika picha yake ya Adamu na Hawa ya mwaka 1504 aliweka sungura, paka, maksai na mnyama wa jamii ya ayala, ambao wataalamu wengi huwasoma kama alama za tabia nne za binadamu. Pale sungura anabeba maana kwa sababu ya wale wanaomzunguka na kisa anachoshiriki. Yule wa 1502 hana jirani wala kisa, ana jina la mchoraji kwa herufi mbili na mwaka chini yake tu, na mimi naamini alichorwa kwa sababu alistahili kutazamwa.

Waombe wanafunzi wako wafunike jicho hilo kwa kidole na waeleze wanachohisi, kisha wafunike masikio na waeleze tena. Yaandike majibu yao ubaoni kabla hujawaambia lolote kati ya haya niliyoandika.