Kwa wanaoanza kazi ya utafiti wodini

Kama umeajiriwa wiki hii kwenye utafiti wa wagonjwa mahututi, bila shaka umeshakabidhiwa itifaki nene, yaani mpango wa utafiti hatua kwa hatua, na kuambiwa uisome. Isome. Ila kabla hujazama humo, tafuta habari za utafiti mmoja uitwao FEAST. Wageni wote wanaokuja kwenye timu yetu huwa nawaanzishia hapo.

Ulianza mwaka 2009 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi Kilifi. Mtoto analetwa ana homa kali, anahema kwa shida au hajitambui, mikono na miguu ya baridi. Je, apewe maji mengi ya dripu kwa kasi, au aendelee na ya kawaida taratibu? Katika nchi tajiri jambo hilo lilikuwa limekwisha: mpe kwa kasi. Na sisi wa wodini tungeapa kwamba ni kweli, maana tumewaona watoto wakipata nafuu dripu ikikimbia.

Waliandikishwa watoto 3,141. Baada ya saa 48, katika makundi mawili yaliyopewa maji kwa kasi walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi ambalo halikupewa, asilimia 7.3. Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kwa ushauri wa kamati huru inayofuatilia usalama. Kinachonishika zaidi ni hiki: katika saa ya kwanza, waliopewa maji kwa kasi ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Nesi aliyekuwa anatazama hakudanganywa na macho yake, ila macho yake hayakuweza kumhesabia watoto watatu wa ziada katika kila mia. Nani angeweza?

Baadaye watafiti walirudi kwenye kumbukumbu kuuliza watoto wale walikufaje. Wengi walidhani ni maji kujaa kwenye mapafu au ubongo kuvimba. Uchambuzi uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kwamba tofauti kubwa ilikuwa kwenye moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Hilo lilijulikana kwa sababu mtu fulani, usiku, akiwa amechoka, aliandika mapigo ya moyo, upumuaji na hali ya fahamu kwa saa zilizopangwa. Mtu huyo sasa ni wewe.

Kwa hiyo tuanze na saa. Mama akikwambia degedege lilianza saa nane usiku, andika 02:00. Ukiandika "saa 8" peke yake, mtu wa takwimu aliye mbali ataisoma 08:00, na mtoto atakuwa amepata degedege saa sita baada ya wakati wake halisi. Kubalianeni siku ya kwanza: fomu zote saa 24, na unapomhoji mzazi umrudishie kwa maneno yake, "usiku wa manane, kabla ya adhana ya alfajiri?" Saa ya kuchukua damu iandikwe unapochukua damu. Usiijaze mwisho wa zamu kwa kukisia. Namba zote zikiishia na sifuri au tano, mkaguzi anajua.

Pili, andika ulichoona. "Hali mbaya" haimsaidii mtu. Andika kwamba hafumbui macho akiitwa, anavuta mkono ukimfinya, kifua kinabonyea akivuta pumzi. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika lililo sahihi, saini na tarehe. Wino mweupe wa kufutia uache nyumbani.

Kuhusu ridhaa, hapa sina haraka. Mzazi aliyebeba mtoto anayehema vile hawezi kusikiliza kurasa nne. FEAST walipata idhini ya kamati za maadili kutumia njia ya hatua mbili: kwanza maelezo mafupi na kukubali kwa mdomo, kisha mtoto akitulia, maelezo kamili na saini. Kama itifaki yako inaruhusu hivyo, hatua ya pili ndiyo yenye heshima. Isifanywe kama karani anayekusanya sahihi. Mama akisema anamsubiri baba yake mtoto, mwache amsubiri. Mweleze waziwazi kwamba kundi atakaloingia mwanawe halichaguliwi na daktari, na kwamba akikataa matibabu hayapungui. Halafu kaa kimya umsikilize anakuuliza nini.

Mara nyingi atauliza damu. Huku pwani hofu ya mumiani ni ya tangu enzi za mabibi zetu, na kucheka hakuiondoi. Mimi nina kijiko cha chai mfukoni: mililita tano ni hiki kimoja. Mwonyeshe, mwambie itapimwa nini na itakwenda wapi. Kama nyingine itahifadhiwa, sema pia.

Bahasha za mgawanyo, zile zinazosema mtoto anaingia kundi gani, zinafunguliwa kwa mfuatano wa namba, basi. Utakutana na mtoto wa jirani, na moyo utatamani uchungulie inayofuata. Usijaribu.

Na usidharau tofauti ndogo. Utafiti mwingine, AQUAMAT, uliotolewa mwaka 2010, ulilinganisha dawa mbili kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, kwa artesuneti 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto hao. Hakuna daktari ambaye angeiona tofauti hiyo wodini kwake peke yake.

Mwisho kuna ufuatiliaji, ambao wageni huuona ni kazi ya dereva. FEAST waliwatafuta watoto tena baada ya wiki nne, na pengo la vifo lilikuwa bado lipo. Mtoto usiyempata hujui umweke wapi, kwa walio hai au kwa waliofariki. Basi siku ya kuruhusiwa usitosheke na namba moja ya simu, kwa kuwa laini hubadilishwa. Chukua ya shangazi na ya mwenye duka, jina la mwenyekiti wa kitongoji, na jina ambalo baba anaitwa na watu kijijini, maana lile la kwenye kadi ya kliniki huenda hakuna anayelijua. Na muulize mama kama anarudi kwake au anakwenda kwanza kwa mamake, kwani mtoto akitoka kuugua hivyo wengi hupitia kwa bibi.