Kibo nyuma ya majahazi: mbona inaonekana imebandikwa?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Moshi, natengeneza mandhari ya kubuni kwa kuunganisha picha mbili kwenye kompyuta: Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro, zinachomoza baharini nyuma ya majahazi. Mlima niliupiga kutoka mjini saa 1 asubuhi. Majahazi niliyapiga Pangani saa 10 jioni, nikitazama kaskazini. Nimeukata mlima kwa makini, lakini unaonekana umebandikwa, na pembezoni una mstari mweupe. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Mstari mweupe ni tatizo dogo; anza na jua. Ukiwa Moshi, mlima uko kaskazini, kwa hiyo asubuhi unamulikwa kutoka kulia. Majahazi yako yamemulikwa kutoka kushoto. Wengi hapo huugeuza mlima kama kwenye kioo. Usithubutu! Mawenzi itahamia kushoto kwa Kibo, jinsi inavyoonekana kutoka Amboseli, na mtu yeyote wa Moshi atakucheka. Geuza bahari, mradi jahazi halina maandishi ubavuni.

Kugeuza hakutibu vivuli, lakini. Saa 10 jioni kivuli cha mlingoti ni kama mara moja na nusu ya urefu wake. Nusu saa baada ya mawio hufika mara 8 au 9 hivi. Kama unaweza, rudi pwani upige nusu saa kabla ya machweo, kimo cha jua kilingane na kile cha picha ya mlima.

Sasa ule mstari. Ni anga la zamani lililobaki kwenye pikseli za ukingo. Unaweza kubana maski (kinachoficha sehemu ya picha usiyoitaka) kwa pikseli 1 au 2, ila mimi nisingeukata mlima kabisa. Ulete pamoja na anga lake, leya yake (tabaka lake la picha) iwe juu ya ile ya bahari, kisha maski ipite kwenye upeo wa bahari, juu ya paa za mji, usawa wa msitu. Kitakachobaki kukatwa ni matanga na milingoti inayovuka upeo, na ukingo wa tanga ni mnyoofu. Kamba nyembamba usihangaike kuzikata. Zichore upya kwa brashi ya pikseli 2.

Halafu hewa. Kutoka mjini hadi kilele ni karibu kilomita 30, na kitu cha mbali hivyo hakina weusi wa kweli. Kwenye kevu (mchoro wa kurekebisha mwanga na giza), inua weusi wa mlima hadi 60 au 70 kati ya 255, ambapo 0 ni nyeusi kabisa, ukisogeza kidogo kwenye bluu. Weusi wa majahazi ubaki 5 hadi 10. Chota rangi ya anga la karibu na upeo, uipake miguuni mwa mlima kwa asilimia 30, ififie kabla ya kufika kwenye theluji.

Punje za picha (chembechembe kama za filamu) ziweke mwisho, leya moja juu ya zote, asilimia 2 au 3. Na kama faili la mlima lilipita WhatsApp, tafuta la awali: lililobanwa huonyesha vigae (miraba midogo) angani mara tu ukigusa kevu.