Kuwinda Kindi Missouri: Ushauri kwa Anayeanza

Kwa msomaji aliyekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, au Tanzania, ambako anayekutwa porini na bunduki bila kibali huitwa jangili, wazo la kuingia msituni Jumamosi alfajiri na kurudi na kitoweo linaweza kusikika kama safari ya kuelekea mahakamani. Hapa katikati ya jimbo la Missouri, Marekani, ninakoishi, jambo hilo ni la kawaida na la halali, na gharama yake si kubwa. Kila ndugu anayeniambia kwamba anataka kuanza na kulungu, mimi humshauri aanze na kindi, kwa sababu kindi humfundisha mtu kukaa kitako na kusikiliza, na asiyeweza hayo hatampata kulungu hata akinunua bunduki ya bei gani.

Kabla ya bunduki kuna makaratasi, na hapa wahamiaji tuwe waangalifu kuliko wenyeji. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu anayeishi Marekani bila hati kuwa na bunduki au risasi. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, naye amekatazwa, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache iliyotajwa, mmojawapo ukiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye ukaazi wa kudumu hazuiwi na kifungu hicho. Ikiwa hadhi yako ina utata wowote, muone kwanza wakili wa uhamiaji, kwa kuwa kosa la bunduki linaweza kumfanya mtu arudishwe kwao hata baada ya miaka mingi ya maisha mema.

Hayo yakishakaa sawa, Missouri inamtaka mwindaji aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye awe amepita mafunzo ya usalama wa uwindaji, kisha anunue kibali cha wanyama wadogo. Msimu wa kindi huanza Jumamosi ya nne ya Mei na kufungwa tarehe 15 Februari, na kiwango ni kindi 10 kwa siku. Sungura hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Kanuni hutolewa upya kila mwaka, kwa hiyo soma za mwaka husika, usitegemee ulichosikia kwa rafiki.

Mahali pa kuwinda si tatizo. Mwaka 1976 wapiga kura wa jimbo hili walikubali kodi ya mauzo ya sehemu moja ya nane ya asilimia moja kwa ajili ya uhifadhi, na kwa fedha hizo Idara ya Uhifadhi ya Missouri imenunua na kutunza maeneo mengi yaliyo wazi kwa umma. Maana yake ni kwamba kila unaponunua mfuko wa unga unachangia misitu hiyo, na huna sababu ya kujiona mgeni ndani yake. Watu wa mji wa Columbia tuna bahati zaidi, kwa kuwa eneo la Cedar Creek la Msitu wa Taifa wa Mark Twain liko jirani. Shamba la mtu, hata kama halina uzio, usilikanyage bila ruhusa ya mwenyewe.

Wakati ninaoupenda ni mwisho wa Agosti na Septemba, majani yakiwa bado mengi na kokwa za mihikori, miti ya huku yenye kokwa za ganda gumu, zikianza kukomaa. Tafuta kilima chenye mihikori na mialoni, kisha tazama chini ya miti: ukikuta vipande vya maganda vilivyotafunwa, na ndani yake bado ni vibichi na vyeupe, kindi wamekula hapo asubuhi hiyo hiyo au jana yake, vilivyogeuka kahawia ni vya siku nyingi. Fika kabla ya jua, egemea shina pana, na usisogee. Mara nyingi utamsikia kindi kabla ya kumwona, kwa mkwaruzo wa meno juu ya ganda gumu na maganda yanayodondoka kwenye majani kama manyunyu. Kindi wa kijivu huamka mapema na hupenda msitu mzito, ilhali yule mkubwa mwenye tumbo la rangi ya kutu huchelewa kutoka na huonekana zaidi pembezoni mwa mashamba. Siku ya upepo mkali baki nyumbani, kwani matawi yote yanacheza na masikio hayana kazi. Baada ya mvua, kinyume chake, majani yaliyolowa hukuruhusu kutembea polepole bila kelele.

Kindi akikuona atazunguka upande wa pili wa shina, nawe ukimfuata atazunguka tena. Mkiwa wawili, mmoja azunguke na mwingine atulie. Ukiwa peke yako, rusha kijiti upande aliko, naye huenda akarudi upande wako. Ukishampiga mmoja, usikimbilie kumwokota. Kumbuka tu alipoangukia na uendelee kukaa, maana wengine hurudi kula baada ya muda.

Kuhusu bunduki, ya kaliba ya .22 hufunza shabaha, na ya marisawa hufaa zaidi majani yakiwa mazito. Risasi ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya maili moja, kwa hiyo usifyatue kwa kindi aliye kwenye ncha ya tawi na nyuma yake mbingu tupu. Subiri awe mbele ya shina au tawi nene. Vaa fulana ya rangi ya chungwa hata siku ambazo sheria hailazimishi, na suruali ipuliziwe dawa ya kupe, ambao Agosti hawana huruma.

Kuchuna ni kazi ngumu kwa anayeanza. Mloweshe maji kwanza ili manyoya yasigande kwenye nyama, kata mfupa wa mkia kutokea chini bila kukata ngozi ya mgongoni, kanyaga mkia, kisha vuta miguu ya nyuma kwenda juu kwa nguvu moja. Ukikuta funza mnene chini ya ngozi usishtuke, ni buu la nzi na nyama haijaharibika. Vaa glavu, hasa kwa sungura, kwa sababu ya tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoweza kumwambukiza mtu kutoka kwa mnyama. Mnyama aliyekuwa mzubaifu au mwenye madoa meupe kwenye ini usimle.

Ndugu Waislamu wana la kumuuliza sheikh kuhusu kindi, nami siliingilii. Kwa wanaomla, kindi mchanga hukaangwa, lakini mzee, ambaye ngozi yake hukuchosha mikono, anataka chumvi, tangawizi na moto mdogo hadi nyama iachane na mfupa. Tui zito liingie mwishoni, na ugali uwe tayari mezani.