Giaboksi ya dragi naifungua mwenyewe, nianzie wapi?

SWALI: Nina Toyota Mark II ya injini ya 1JZ tobo, giaboksi otomatiki ya A340E, nataka kuijenga upya giaboksi hiyo nyumbani hapa Ntinda, Kampala, kwa mbio za dragi (mbio fupi za kasi kwenye barabara iliyonyooka). Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, usafi kwanza, maana punje moja ya mchanga ikikwama kwenye valvu bodi (sehemu inayogawa oili ndani ya giaboksi) presha ya oili inavurugika, klachi zinateleza zinaungua na kazi yote imeenda bure. Pleti mpya za klachi ziloweke kwenye ATF (oili ya giaboksi otomatiki) angalau nusu saa kabla hujazipanga, halafu pima nafasi ya pleti kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia upenyo), usikadirie kwa macho, hapo ndo wengi wanaharibu kabisa. Spea utapata soko la Kisekka, ila kagua kila pleti. Ongeza rejeta ya kupoza oili. Na kama oili ya zamani ilitoka nyeusi inanuka kuungua, konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) ya zamani usiirudishe, uchafu umebaki ndani.