Leya ya mafuriko haikwambii bomba litakatika wapi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya GIS (ramani za kompyuta) kwenye mabomba ya gesi, kila kundi jipya linakuja na ramani ileile: leya (tabaka la ramani) ya mafuriko ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, chini, laini ya bomba juu, na palipo na maji ya kina kirefu panapakwa nyekundu. Ramani inavutia, lakini fundi akiishika hajui aanzie wapi.

1. Kina cha maji si adui wa bomba. Bomba la chuma lililofukiwa vizuri linaweza kulala chini ya maji ya kiunoni na lisipate dhara. Kinacholimaliza ni mkondo unaokula udongo. Chukueni bomba la inchi 16: kipenyo cha nje milimita 406, ukuta milimita 9.5. Mita moja yake ina uzito wa kilo 93 hivi, na mita hiyohiyo ikizama inachukua nafasi ya maji ya kilo 130. Hata mkiongeza gesi iliyoshindiliwa ndani, bado linaelea! Linalolishikilia chini ni udongo uliolifunika, na penye mto ni zege lililovishwa au vizito. Udongo huo ukiondoka, bomba linainuka, linaning'inia kati ya kingo mbili, maji yanalisukuma ubavuni, magogo yanakwama juu yake, na chuma kinachoka hadi kupasuka, mara nyingi penye maungio.

Kwa hiyo kila kivuko, yaani mahali bomba linapokatiza mto, kinahitaji kuandikiwa kina cha kufukiwa, kasi ya maji, aina ya udongo wa kingo, na umbali ambao ukingo umesogea kati ya picha ya satelaiti ya zamani na ya sasa. Hilo la mwisho mnaliruka kila mara, na inauma, maana picha mnazo tayari! Kina kilichoandikwa siku ya ujenzi si cha leo, hasa mahali watu wanapochimba mchanga mtoni.

2. Ramani za zamani ziko kwenye Arc 1960, GPS yenu inasoma WGS 84; hizo ni rejea mbili tofauti za kupimia mahali. Zote hutumia gridi ileile, UTM kanda ya 37 Kusini, namba zinakaribiana, na ukizichanganya bomba linahama takriban mita 300 kwenye ramani. Angalieni namba ya EPSG ya faili, 21037 (Arc 1960) au 32737 (WGS 84), kabla ya kugusa chochote.

3. Kateni laini vipande vipande. Kivuko kiwe kipande chake. Wastani wa kilomita nzima unameza mita 40 za hatari.

4. Kwa tetemeko, fomula ya HAZUS (mfumo wa Marekani wa kukadiria hasara za majanga) ya uharibifu wa bomba kwa mtikisiko inataka kasi ya ardhi kwa sentimita kwa sekunde. Ukiweka mita, mji mzima unakuwa kijani, kana kwamba hakuna hatari.

5. Msijaze safu ya aina ya bomba kwenye jedwali kwa kubahatisha. San Bruno, California, tarehe 9 Septemba 2010, bomba la inchi 30 lililipuka na kuua watu 8. Rekodi zilisema halina mshono. Ardhini lilikuwa na mshono wa kuchomelea, tena wenye kasoro. Hakuna uchambuzi wa leya ungeweza kuliona hilo, kwa sababu jedwali lenyewe lilikuwa limeshasema uongo. Pasipojulikana andikeni "haijulikani", na kipande hicho kipewe alama ya juu ya hatari mpaka shimo lichimbwe na bomba lionekane.

6. Chapisheni rasimu, mpeni anayekagua mkuza (ukanda wa ardhi linamopita bomba) kwa miguu, aichore kwa kalamu. Marekebisho yake yaingie kwenye jedwali kabla hamjachagua rangi.