Shangazi, hio nyumba ya wazee nitajuaje kama ni nzuri?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nauza dagaa hapa Mwanza, pale Mwaloni Kirumba, nyumbani Igoma natoka saa kumi alfajiri kurudi ni jioni. Mama ana miaka 76, mwaka jana presha ilimpanda akapooza upande wa kulia, na Kiswahili kikamtoka kabisa kabaki na Kisukuma tu. Dada wa kazi wa kwanza kaolewa, wa pili kaondoka na simu yangu. Sasa nimepata nyumba ya mtu binafsi wanatunza wazee, nimeenda kuiona, tailizi zinang'aa, tivii kubwa ukutani, meneja mkarimu hadi soda nikapewa. Roho inataka, roho inakataa, na kaka yetu wa Dar anasema nataka kumtupa mama. Nitajuaje kama watamtunza?
Binti wa Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na majukumu. Hio soda iweke pembeni kwanza. Tailizi na tivii ni za kukupendeza wewe unayelipa, mama hatalala kwenye tailizi. Ukirudi pale omba kitu kimoja, wakupeleke kwa mzee aliyekaa siku nyingi na hawezi kujigeuza mwenyewe, umsalimie hukohuko kitandani kwake. Wale wanaotembea na kucheka na wageni hawatakwambia kitu maana hata wakisahauliwa wanajichotea maji wenyewe.

Haya yalitukuta sisi. Baba mdogo tulimpeleka sehemu, sitaitaja, na kila tukienda tunamkuta kwenye kiti, shati limepigwa pasi, blanketi miguuni, tunapiga stori weee tunaondoka roho nyeupe. Siku moja mdogo wangu akasema ngoja nimkate kucha za miguu, kuvua soksi haivuki, imegandana na kisigino, tukailowesha na maji ya vuguvugu ikatoka na ngozi yake, kidonda cha kutia kidole. Miezi mitatu yuko pale na sisi tunaenda kila wiki jamani, hakuna hata mmoja aliyeangalia miguu.

Yaani mtu akilala upande mmoja muda mrefu, damu haipiti vizuri pale mfupa unapokandamiza, ndo maana utakuta ni kwenye kisigino, nyonga, na mwisho wa mgongo pale juu ya makalio. Asiyejigeuza inabidi ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi, usiku pia. Na kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri uone wekundu, angalia kama pamekuwa peusi kuliko pembeni, afu shika, pana moto au pamekuwa pagumu. Ndo uulize sasa usiku wanabaki watu wangapi kwa wazee wangapi. Wakikwambia dada mmoja kwa wazee ishirini piga hesabu mwenyewe kama huyo dada ana mikono mingapi.

Usipige simu kwamba unakuja. Nenda Jumapili jioni muda wa chakula, meneja hayupo, utaona pakoje. Mtu aliyepooza mara nyingi kumeza kunamsumbua, kwahiyo analishwa amekaa wima, kijiko kidogo, anasubiriwa ameze, afu anaangaliwa shavu la upande uliopooza maana chakula kinajificha humo. Akikohoa kila akinywa maji, au sauti ikawa kama ina maji ndani, hicho kitu kinaweza kuwa kinaenda kwenye mapafu na mzee anaweza kufa kwa nimonia hivihivi. Ukikuta wanamlisha mtu kalala chali na uji unamtiririka shingoni, chukua bajaji urudi Igoma, hata usiage.

Angalia pia wanavyomnyanyua mtu kitandani. Mkono uliopooza hauvutwi, bega linateguka kirahisi sana.

Daftari la dawa nalo omba ulione, usione aibu. Mama anameza dawa za presha kila siku, na hizo zikikosekana anaweza kupooza tena. Mi nilishaonyeshwa daftari saa kumi jioni dawa za saa mbili usiku zimeshawekewa tiki, kalamu ileile, mwandiko uleule toka asubuhi. Meneja alipoona nimenyamaza akaanza kunionyesha bustani.

Harufu ya mkojo chumba kimoja asubuhi isikutishe, wazee ndo wazee, ila ikiwa imeingia mpaka kwenye magodoro na jioni bado ipo, basi pampasi wanabadilisha wanavyojisikia.

Kisukuma ndo usikisahau. Simama pale useme mwangaluka kwa sauti uone kati ya wahudumu nani anaitika. Mama akisema minzi na hakuna anayejua kwamba anaomba maji, atashinda na kiu mpaka wewe uje, na watakwambia siku hizi amekuwa mkimya.

Kabla hujalipa pita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri uulize kama hio nyumba wanaijua na imesajiliwa. Kile kituo cha serikali cha Bukumbi kule Misungwi usikiwaze, ni cha wazee wasio na wa kuwatunza, na mama ana wewe.

Na huyo kaka wa Dar, ana pointi kidogo, hata Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema mzee atunzwe kwanza na familia, kituo ni hatua ya mwisho. Ila familia sio wewe peke yako na ndoo zako za dagaa. Mwambie achague, ama amchukue mama, ama atume hela ya kulipa wadada wawili nyumbani ili washike zamu, ama mama aende kwenye hio nyumba na yeye awe anapanda basi mara moja kwa mwezi, anaingia bila kupiga simu, na anavua soksi mwenyewe.