Sukari Mnaionea Bure

SWALI: Shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, yupo darasa la tatu. Hospitali walimpima wakasema ana ADHD, yaani shida ya kutotulia na kukosa umakini, akaanzishiwa vidonge vya methilifenideti, sasa mwezi wa nne. Mwalimu anasema ametulia, ila mchana hagusi chakula. Dada mmoja wa kundi la WhatsApp ameniuzia unga wa lishe, akaniambia nimkatie sukari na ngano, vidonge niviache, atapona kwa siku 90. Baba yake anataka tujaribu, anasema hata yeye alikuwa hivyohivyo utotoni. Nishike lipi?
– Mama Khalfan, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Khalfan. Swali hili nakutana nalo klinikini karibu kila wiki, kinachobadilika ni jina la unga tu.

Mimi ni afisa lishe. Chakula ndicho kinachonipa mshahara, kwa hiyo ingekuwa raha kwangu kukwambia kwamba sahani inatibu ADHD. Haitibu. Hali hii imo kwenye namna ubongo unavyokua, na hurithiwa sana. Baba Khalfan anaposema naye alikuwa hivyo, anatupa historia ya ukoo bila kujua.

Sasa sukari. Mwaka 1994 huko Marekani, watafiti waliwaita kina mama walioamini kwamba watoto wao huchachawa wakila sukari. Watoto wote walipewa kinywaji kitamu kisicho na chembe ya sukari, lakini baadhi ya mama wakaambiwa kuwa mtoto kanywa sukari. Hao ndio waliowaona watoto wao wamechachamaa, wakawaganda na kuwakosoa zaidi. Mwaka uliofuata matokeo ya majaribio 23 yakaunganishwa: sukari haikubadili tabia wala umakini wa watoto. Mpunguzie soda kwa ajili ya meno, na kwa kuwa inamshibisha bure. Basi. Ngano nayo mwacheni ale chapati yake, labda awe na ugonjwa wa utumbo uliothibitishwa na daktari.

Penye ukweli kidogo ni kwenye rangi za vyakula. Utafiti wa Southampton, Uingereza, wa mwaka 2007 uliona baadhi ya rangi za viwandani, pamoja na kihifadhi kimoja cha vyakula, zikiongeza utundu kwa watoto wa kawaida, si wenye ADHD peke yao, na tangu 2010 Umoja wa Ulaya unadai onyo kwenye pakiti zenye rangi hizo. Athari yenyewe ni ndogo. Ubuyu mwekundu na barafu za mifuko punguza, lakini usitegemee muujiza.

Kutokula mchana kunatokana na dawa, na dawa yake ni saa. Mlishe kabla ya kidonge: uji mzito wa ulezi wenye maziwa na karanga, yai, kiazi kitamu. Shuleni mfungie kidogo, usimlazimishe. Hamu ikirudi jioni, hapo ndipo mlo wake mkubwa, na kabla ya kulala umwongeze kitu. Kila kliniki apimwe uzito na urefu. Ukishuka, daktari ataangalia dozi. Vidonge msiviache kwa ushauri wa muuzaji.

Omba pia apimwe damu na akiba ya madini chuma, maana upungufu wake pekee unaweza kumfanya mtoto asishike somo. Siropu ya chuma usimnunulie bila kipimo. Dagaa, maini, mchicha wa kukamulia ndimu, na chai ikae mbali na mlo kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Vibua vya sokoni kwenu vina mafuta yaleyale ya samaki (omega-3) yanayouzwa kwenye vichupa kwa bei ya kuku, na hata hayo faida yake kwa ADHD ni ndogo.

Mpira je? Saa nzima ya kukimbia na kucheza kila siku ndiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) linaloshauri kwa mtoto yeyote wa miaka 5 hadi 17, na huyu wako anaihitaji zaidi, hasa kabla ya kazi za shule. Ajabu ni kwamba adhabu ya kwanza ya wazazi wengi ni kumnyima mpira. Umri huu anahitaji pia usingizi wa saa 9 hadi 12. Anayelala saa tano usiku baada ya tamthilia na kuamshwa saa kumi na moja kuwahi basi, hata asiye na ADHD hatatulia. Kama anakoroma, achunguzwe nyama za pua.

Turudi kwa huo unga, maana hapa si Khalfan peke yake. Karanga, mahindi, soya na dagaa vinasagwa pamoja, vinafungwa kwenye mfuko usio na tarehe, vinaitwa lishe. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Halafu siku 90 zikiisha na mtoto yuko vilevile, utaambiwa wewe mama hukufuata masharti, ununue mfuko wa pili. Nimewaona waliofika mfuko wa nne, mtoto kashaachishwa vidonge, kafeli, kachapwa.

Muulize huyo dada alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) iko wapi, nani kausaga na lini. Na kliniki ijayo njoo na Baba Khalfan, mfuko mje nao.